Nati ya Breki ya Mbele

Fundi hakumwita mtu kwa jina lake. Alituita kwa baiskeli zetu. Lusajo, jirani yangu niliyemaliza naye darasa la saba, alikuwa Nyekundu. Mwinjilisti mmoja ambaye kengele yake ililia yenyewe kila alipopita kwenye shimo alikuwa Kengele. Mimi nilikuwa Kijani. Hata mama yangu, ambaye hajawahi kukaa juu ya baiskeli, alikuwa Mama Kijani, na mwisho akazoea, akawa anaitika.

Siku niliyoanguka ndiyo siku aliyoacha kuniita hivyo. Tangu hapo nikawa "mwanangu". Mwingine angefurahi. Mimi kila aliponiita mwanangu nilitamani kuingia chini ya benchi lake, kwa sababu alikuwa ananihurumia kwa kosa ambalo aliamini ni lake, na kosa lilikuwa langu. Mimi nilijua, yeye hakujua. Ndiyo sababu ninaandika habari zake.

Kibaraza chake kilikuwa Msasani ya Tukuyu, mbele ya duka ambalo mlango wake haujafunguliwa miaka mingi. Alitengeneza baiskeli za gia, zile za milimani zenye matairi mapana yenye meno, zinazotufikia zikiwa zimeshatumika huko zilikotoka, na hapa kwetu zinaanza maisha mengine ya kubeba viazi. Vijana tulizipandisha Isongole asubuhi, tukafunga viazi kwenye keria, tukashuka navyo Tukuyu. Kupanda ni kusukuma na kutoka jasho. Kushuka ni upepo masikioni, na huko kwenye kushuka ndiko watu walikoacha meno, viwiko na magoti.

Fundi aliwajua watu wengi kwa mivunjiko yao. Mtu alipopita barabarani, alisema taratibu kama anayejisemea, "Yule kiwiko. Kona ya darajani. Mvua." Halafu akarudi kwenye spoku zake. Chini ya benchi alikuwa na sanduku la mbao lenye foku zilizopinda, pedeli zilizokatika na vipande vya rimu. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuja mara nyingi, hakuwapa. Nilimuuliza anavitunza vya nini.

"Hivi ndivyo vitabu vyangu," alisema. "Kila kimoja kinaniambia ni kitu gani hakikukazwa."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake kubwa. Mtu akija na gurudumu lililojikunja kama chapati akasema ni bahati mbaya, Fundi alikasirika kabisa. "Bahati mbaya ya nani? Unamsingizia Mungu? Hakuna bahati mbaya. Kuna nati haikukazwa." Alikuwa mtu wa swala tano, mpole, hakupandisha sauti hata kwa watoto waliomwibia vipande vya tyubu vya kutengenezea manati. Lakini neno hilo alilisema kwa ukali. Mimi nililipenda. Nilikuwa nikilisema peke yangu njiani. Sikujua kwamba mtu anaweza kuishi na neno lake miaka yote hiyo, halafu siku moja likamgeukia.

Kwetu vijana wanaoshuka na mizigo hawaitaki breki ya mbele. Wanasema ndiyo muuaji. Ukiibana kwenye mteremko, mzigo unanyanyuka nyuma, baiskeli inakupindua na unatua kwa uso. Kwa hiyo kijana akishapata baiskeli, jambo la kwanza ni kuchukua spana na kulegeza ile nati ndogo inayobana waya wa breki ya mbele. Waya ukishalegea anaukunja na kuufunga kwa mpira wa tyubu, kila mtu auone. Mwenye breki mbili anachekwa.

"Oya, huyu bado ananyonya," Lusajo alisema siku yangu ya kwanza Isongole, wenzake wakisikia. "Breki mbili kama baiskeli ya mchungaji."

Fundi alipambana na desturi hiyo peke yake. Hakumpa kijana baiskeli mpaka aje na mzazi. Mbele ya mzazi huyo, kijana aliweka mkono kwenye breki ya mbele na kusema, "Sitaifungua." Ndipo Fundi akaachia usukani. Watu wazima walicheka, lakini walikuja. Siku yangu alikuja mama, miguu ikiwa na udongo wa shambani. Mimi ni mtu wa haya, sauti hainitoki mbele za watu. Nilisema kwa kunong'ona.

"Mama Kijani hajasikia," Fundi alisema.

"Sitaifungua."

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia," mama alisema. "Ndaga, Fundi. Asante. Huyu ndiye niliye naye."

Ndipo Fundi akaniwekea mikono kwenye usukani, mmoja mmoja, kama anayemfundisha mtoto kushika kijiko. "Ya nyuma ishike kama jembe," aliniambia. "Ya mbele ishike kama yai. Ukizichanganya, utarudi hapa umebebwa."

Kilichonishangaza baadaye ni kujua kwamba yeye mwenyewe alitupwa na breki hiyo hiyo ya mbele. Begani kwake, upande wa kushoto, palikuwa na nundu iliyoinua shati. Ni mtulinga uliovunjika ujanani mwake na kuunga vibaya. Hospitali walimwambia wanaweza kuunyoosha, lakini itabidi wauvunje upya kwanza. Akakataa. "Nimeshauzoea," alisema. Na Lusajo alipomuuliza mbona basi anaitetea breki iliyomfanya hivyo, Fundi aligusa nundu yake.

"Breki haikunitupa," alisema. "Ni mkono wangu. Niliibana kama ninakaba mwizi."

Tangu ajali yake hiyo hakupanda baiskeli tena. Alikuwa fundi wa baiskeli asiyepanda baiskeli. Kila asubuhi alitoka nyumbani akisukuma baiskeli yake nyeusi mpaka kibarazani, na jioni akarudi akiisukuma, kama mtu anayempeleka ng'ombe malishoni. Hata pale pasipo na mlima alisukuma.

"Fundi, panda bwana," vijana walimwambia. "Hapa ni tambarare kabisa."

"Tunasindikizana," alijibu.

Baiskeli ya mteja hakuijaribu kwa kuipanda. Aliisukuma mbele, akaibana, akaisukuma nyuma, akaibana, sikio likiwa karibu na gurudumu. Alisema mdomo wa mtu hudanganya lakini chuma hakidanganyi. Na hapo, naweza kusema sasa, alikosea. Nilikifanya chuma kidanganye.

Nianze na mema aliyonitendea, kwa sababu mabaya yangu ni mafupi kuyasema.

Nilipotolewa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, mguu wangu wa kulia ulikuwa umekonda kama fimbo na goti lilikuwa limegoma kukunja. Nesi alisema nilikunje kila siku hata likiuma. Nyumbani nilikaa kitandani nikilitazama. Mama alinipaka mafuta ya moto, nikalia, akaacha. Magongo yalinitia aibu, sikutaka mtu anione nayo barabarani. Wiki zikapita hivyo.

Fundi akaja. Alibisha hodi mara moja, akaingia kabla hajajibiwa, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kesho asubuhi uje kibarazani."

"Siwezi kutembea mpaka huko, Fundi."

"Utakuja na magongo. Ukichoka utakaa chini. Ukikaa utainuka."

Nilichukua muda mrefu kufika. Nilikuta ameichukua baiskeli yangu ya kijani, ile ile niliyoanguka nayo. Mbele ilikuwa imekufa, foku imerudi nyuma, lakini nyuma ilikuwa nzima. Alikuwa ameipigilia juu ya fremu ya mbao, gurudumu la nyuma likiwa hewani, na mkanda wa mpira umetoka kwenye gurudumu kwenda kwenye jiwe la kunolea visu.

"Kanyaga," alisema.

"Goti halikunji."

"Najua. Kanyaga mpaka pale linapokataa, halafu rudi. Linapokataa leo si ndipo litakapokataa kesho."

Nilikanyaga nusu, nikarudisha nyuma, nikakanyaga nusu. Jiwe lilizunguka kidogo na kusimama, likazunguka kidogo na kusimama. Yeye alishika kisu juu ya jiwe kwa subira, akisubiri nusu yangu. Kisu cha kwanza kilichukua asubuhi nzima. Jasho lilinitoka mpaka kwenye kope.

Habari zikaenea kwamba kwa Fundi visu vinanolewa. Wakaja mama wa ndizi, wauza nyama, watu wa mapanga ya shambani. Alikuwepo mama mmoja mzee wa Kisondela, aliyeleta ndizi na parachichi sokoni, ambaye kisu chake sijui alikuwa anakatia mawe. Kila wiki alikuja nacho.

"Gwe kijana," aliniambia, "kisu kyangu bado hakikati hata ndizi mbivu."

"Anapona polepole, mama," Fundi alisema.

"Anayepona ni nani? Kisu au huyu?"

"Wote wawili."

Mama yule alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya kibaraza, akaweka kapu lake chini, akasubiri. Kila nilipokanyaga alisema, "Eee. Eee," kama anayemhimiza ng'ombe kwenye tope. Niliona haya, lakini nilikanyaga. Nadhani Fundi alijua kwamba mtu mwenye haya hawezi kuacha kazi mbele ya mama mzee anayesubiri kisu chake.

Siku goti lilipozunguka duara zima, Fundi alikuwa katikati ya kunoa panga. Jiwe halikusimama. Likaendelea. Alishtuka, akaliondoa panga, akalitazama jiwe likizunguka, akaitazama miguu yangu. Aliinama akaanza kupaka mafuta cheni ambayo alikuwa ameipaka mafuta saa moja iliyopita.

Na kila asubuhi ya siku zote hizo nilifika pale na neno mdomoni. Nilikuwa nimelipanga usiku kitandani. Nikifika, yeye anasema, "Mwanangu, leo tuanze na panga la nani?" na neno linarudi lilikotoka.

Sasa niseme nilichofanya.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nalegeza nati ile. Wenzangu walifungua waya na kuufunga kwa mpira, wazi, bila kujificha. Mimi nilimwogopa Fundi na nilimwogopa mama, na niliogopa pia kuchekwa na Lusajo. Kwa hiyo nilitafuta njia ya katikati. Nikishapita kona ya mwisho ya Msasani, natoa spana chini ya siti, nalegeza nati, waya nauacha pale pale kama kawaida. Kwa mbali inaonekana breki ipo. Isongole nawaonyesha wenzangu kwamba haishiki, wananikubali. Nikirudi, kabla sijafika kwa Fundi, naikaza tena. Wote walinisifu. Fundi alisema, "Mwoneni Kijani, huyu anashika neno lake."

Asubuhi ya ajali aliweka raba mpya za breki, mbele na nyuma. Alikaza nati ya mbele nikimwangalia. Akaigonga kidogo kwa kidole, kama alivyofanya siku zote, akasema, "Yai." Nikaondoka. Kwenye kona nikailegeza.

Wakati wa kushuka mvua ilikuwa inanyesha na ukungu umeshuka mpaka kwenye mashamba. Nilichukua njia ya mkato ya udongo, Lusajo akiwa nyuma yangu. Rimu zililowa. Breki ya nyuma ikawa inateleza, baiskeli ikazidi kwenda, viazi vikinisukuma mgongoni. Mbele kulikuwa na kona na chini ya kona mfereji wa mawe. Hapo mwili wenyewe ukakumbuka ulichofundishwa, ukaishika breki ya mbele. Mkono ulifika mpaka kwenye usukani bila kukutana na kitu. Mpaka leo nikilala mkono huo hunijia, jinsi ulivyokwenda mpaka mwisho kwenye utupu.

Nilisikia mfupa wa muundi ukilia kabla sijasikia maumivu. Lusajo alinikuta mfereji umejaa viazi. Walinibeba kwa bodaboda, mimi katikati, yeye nyuma amenikumbatia ili nisidondoke.

"Ile nati, kaka," aliniambia sikioni njiani. "Uliikaza?"

Nilifumba macho.

Fundi alikuja hospitali mchana ule ule. Mikono ilikuwa bado na grisi. Alikuwa ameshaiona baiskeli, watu walimpelekea. Mama alikuwa ameketi kwenye stuli karibu na kichwa changu, ameshika kanga yake mdomoni. Fundi alisimama upande wa miguu.

"Kijani," alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho. "Waya wa mbele umechomoka wote. Nati ilikuwa wazi. Wewe uliigusa?"

Mama akanitazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananitazama kama anayeomba nisimwongezee.

"Hapana," nilisema.

Mimi ambaye sauti hainitoki mbele za watu, siku ile ilitoka vizuri.

Fundi aliitikia kwa kichwa polepole, akakubali. Hakuuliza mara ya pili. Alimgeukia mama.

"Basi ni mimi, mama. Nilisahau kukaza."

"Ni bahati mbaya tu, Fundi," mama alisema.

"Hakuna..." alianza, na hakumaliza.

Niliona mdomo wake ukibaki wazi kidogo. Halafu akaitazama mikono yake yenye grisi, akaificha nyuma ya mgongo, akatoka. Kila Ijumaa baada ya swala alikuja tena, na kila mara alisimama mbali na kitanda, mikono ikiwa nyuma.

Kilichofuata kilikwenda polepole, kwa hiyo ilikuwa rahisi kujifanya sioni. Kwanza Fundi alianza kukaza kila nati mara tatu. Halafu akawa anamwita mteja: "Njoo, kaza mwenyewe, uone kama imekaza." Halafu akawa anamwambia kila mteja mgeni habari zangu, mimi nikiwa pale pale juu ya mashine ya kunolea. "Mwangalie huyu. Mguu ule nimeuvunja mimi. Nilisahau nati moja." Alisema bila kujihurumia, kama mtu anayekuonya kuhusu mbwa wake. Watu hawakujua wacheke au wafanye nini.

Mzee mmoja aliichukua baiskeli yake kabla haijaguswa. "Fundi asiyejua kama amekaza," alisema, "ataniambiaje mimi nipande?" Akaenda kwa fundi mwingine, na wengi wakamfuata. Fundi hakumlaumu. Alisema mzee yule ana akili.

Siku nyingine nilimkuta ameinama juu ya baiskeli ya mtoto, ameshika spana, anaikaza nati, anailegeza, anaikaza, anailegeza. Alikuwa hajui tena mkono unamwambia nini.

"Utamwambia lini?" Lusajo aliniuliza jioni ile.

"Mwambie wewe."

"Mdomo ni wako, mwanangu. Mimi sikuulizwa hospitali."

Nikasema kesho. Nilisema kesho mara nyingi. Mwanzoni ningeweza kusema na ingeuma siku moja. Baadaye lilikuwa limeshaunga vibaya, kama mtulinga wake, na kulinyoosha ilikuwa lazima livunjwe upya. Ningelazimika kusema si kwamba nililegeza nati tu, bali kwamba nilikaa juu ya mashine aliyonitengenezea, nikakanyaga, nikapona, nikimtazama anaharibika.

Akaacha breki kabisa. Mtu akija na breki alimwelekeza kwingine. Yeye akabaki na pancha na visu. Kile kiapo cha vijana nacho akakiacha. Mama mmoja alimletea mwanawe aape kama zamani, Fundi akakataa kwa upole. "Sina haki ya kumwapisha mtu, mama." Kijana yule akaondoka na baiskeli yake, na kabla hajamaliza mtaa nilimwona amesimama, ametoa spana.

Macho yake yakaanza kupata ukungu. Binti yake aliyeolewa Isongole akaja kumchukua. Siku wanaondoka, Fundi alilivuta sanduku la vyuma vilivyopinda kutoka chini ya benchi na kunipa. Ndani yake juu kabisa palikuwa na nati moja ndogo, ameifunga kwa uzi mwekundu isipotee kati ya vyuma vingine. Sikuhitaji kuuliza ni ya nini.

Miaka imepita. Mguu wangu unachechemea kidogo wakati wa baridi, lakini unakwenda. Baiskeli ya kijani niliitoa kwenye mbao, nikaiwekea foku nyingine na breki zote mbili, na nati ya mbele niliyoirudisha ni ile ile. Uzi niliutoa. Mwaka huu, mvua zilipopungua, nikapanda Isongole. Pale kwenye kona ya mfereji nilishuka, nikasukuma.

Nilimkuta nje ya nyumba ya binti yake, amekaa kwenye benchi, amevaa koti zito na kofia yake ya kufuma ya siku zote, ambayo weupe wake umeshaisha. Ukungu ulikuwa umejaa kwenye mashamba ya viazi. Alikuwa anatazama mbele lakini macho hayakuwa na pa kufika. Kabla sijasema kitu aliinua kidole.

"Mlio wa friwili hiyo naujua. Inataka grisi."

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Goti?"

"Linakunja lote."

"Lete."

Nilisogea. Aliweka kiganja chake kwenye goti langu, nikalikunja na kulikunjua, yeye akisikiliza kama alivyosikiliza magurudumu. Akaridhika. Binti yake akaleta chai, akasimama mlangoni na trei.

Niliogopa kwamba nikianza kunywa chai sitasema. Nikaweka kikombe chini.

"Fundi, ile nati hukuisahau. Uliikaza nikikuona. Niliilegeza mimi, pale kona ya mwisho. Nilikuwa nailegeza kila siku."

Nikasikia kuku wa jirani, nikasikia mtu akilima. Halafu akatabasamu, tabasamu la upole ambalo sikulitaka.

"Mama yako amekulea vizuri," alisema. "Umepanda mlima wote huu uje unitue mzigo."

"Si kukutua. Ni kweli."

"Mwanangu, nimeshazeeka. Huna haja."

"Fundi, ni kweli. Lusajo anajua. Nyekundu. Muulize."

"Nyekundu ni rafiki yako. Atasema utakachomwambia."

"Baba," binti yake alisema kutoka mlangoni, "si anakwambia mwenyewe?"

Fundi aligeukia ilikotoka sauti. "Wewe hukuwepo. Nilikwenda hospitali, nikamuuliza huyu mbele ya mama yake. Mfupa umevunjika vipande viwili, hana nguvu hata ya kuinua kichwa. Nikamuuliza, uliigusa? Akasema hapana." Akanigeukia mimi tena. "Angekuwa ameigusa, angesema. Huyu ndiye aliyekuwa anashika neno lake. Wale wengine wote walifungua, huyu hakufungua."

Kila neno ambalo ningeongeza lingetoka kwenye mdomo ule ule. Nilijaribu tena, nikamweleza kona, spana chini ya siti, jinsi nilivyokuwa nakaza wakati wa kurudi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipigapiga mgongoni, akasema, "Kunywa chai, inapoa." Nikanywa. Ilikuwa imeshapoa.

Nilipoinuka kuondoka, alisema nimletee baiskeli. Niliisogeza mpaka magotini kwake. Mikono yake ilipapasa usukani, ikashuka kwenye foku, ikaukuta waya, ikaufuata mpaka chini, ikasimama kwenye nati. Kidole kiliizunguka nati ile. Sijui kama aliijua.

"Spana," alisema.

Nilimpa. Aliiweka kwenye nati, spana ikateleza, akaiweka tena, ikateleza. Akaishusha magotini. Kisha akaitafuta mikono yangu, akaniwekea spana kwenye kiganja na kuvifunga vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja.

"Kaza wewe," alisema. "Mimi sijiamini. Mteremko ni mrefu."

Nilipiga goti kwenye majani yaliyolowa, nikaweka spana, nikakaza. Nati haikusogea.

"Imekaza, Fundi."

"Kaza tena."

Aliinamisha kichwa, sikio likaja karibu na gurudumu, bega lile lenye nundu likagusa bega langu. Nikakaza tena nati iliyokuwa imekaza, na mara ya tatu, na ya nne, kwa sababu alikuwa bado anasikiliza.